Usonji: Panya wa maabara anatufundisha nini?

Ukiwa Ngulyati panya unamfahamu kwa jambo moja tu, wizi wa mahindi ghalani. Huko maabara mnyama huyo anatumika kuchunguza usonji, ile hali ya mtoto kutoitika anapoitwa jina, kukwepa macho ya watu, kuchelewa kusema na kurudia jambo moja kutwa nzima.

Hapa kwetu mtoto wa namna hiyo husemwa kuwa amerogwa, ana jini, au mama yake hakumlea. Wazazi huzunguka naye huku na kule mpaka ng'ombe wanakwisha zizini. Lakini taarifa ya kitafiti ya mwaka 2006 ilieleza habari za watoto 20 wa Tanzania, ambapo watatu walikuwa wakikua vizuri na dalili za usonji zikaanza baada ya kupona malaria kali iliyoambatana na homa ndefu na degedege. Watatu ni wachache mno kuthibitisha jambo. Na haiwezekani kumwambukiza mtoto ugonjwa makusudi ili kuona kitakachotokea. Hapo ndipo panya anapoingia.

Ieleweke kwamba panya hawezi kusemwa ana usonji, kwani hata kusema hasemi. Kinachopimwa ni tabia. Anawekwa katikati ya sanduku la vyumba vitatu; upande mmoja kuna panya mgeni ndani ya kizimba, upande mwingine kizimba kitupu. Panya wa kawaida humwendea mgeni na kumnusa. Mwenye kasoro hajali, kwake mgeni na kizimba kitupu ni sawa.

Mwaka 2011 watafiti nchini Marekani waliharibu jeni iitwayo Shank3, ambayo baadhi ya watu wenye usonji wana kasoro nayo. Panya wale walijisugua mpaka wakatoka vidonda, na wakawakwepa wenzao. (Sasa tuulizane, hao nao walirogwa na nani?) Mwaka 2016 jeni hiyo iliporejeshwa kwa panya waliokwisha kukua, baadhi ya tabia zilipungua. Hiyo si tiba ya binadamu bado, hivyo anayekuuzia dawa ya kuponya usonji usimpe fedha yako.

Lipo linalowahusu akina mama moja kwa moja, nalo ni dawa ya kifafa iitwayo valproeti. Panya wenye mimba wakipewa dawa hiyo, watoto wao huzaliwa na kasoro za ubongo na tabia. Kwa binadamu, uchunguzi wa Denmark uliotolewa mwaka 2013 ulikuta usonji kwa asilimia 4.42 ya watoto ambao mama zao waliitumia wakiwa wajawazito, dhidi ya asilimia 1.53 ya watoto wote kwa jumla. Basi dada mwenye kifafa, muulize daktari jina la dawa yako kabla ya kushika mimba. Ikiwa umeshashika, usiiache mwenyewe nyumbani, maana kifafa kikirudi kwa nguvu kinaweza kukuua wewe na mtoto. Nenda kituo cha afya ushauriwe kuhusu kubadilishiwa.