Cobra Inayoundwa Garajini

Shelby Cobra ni gari dogo la mbio la viti viwili, lisilo na paa. Yale ya asili, yaliyotengenezwa miaka ya 1960, yalikuwa takriban elfu moja tu, lakini nakala zake zimeyapita kwa mbali. Nyingi ya nakala hizo hazikutoka kiwandani zikiwa nzima. Zilifika ndani ya maboksi, zikaunganishwa, wakati mwingine na wazazi na watoto wao, katika garaji za nyumbani, zikiwemo za Dallas, Fort Worth na Houston, jimboni Texas, Marekani.

Texas ndiko alikozaliwa mwasisi wa Cobra. Carroll Shelby alizaliwa mwaka 1923 katika kijiji cha Leesburg, akasoma sekondari Dallas, akafuga kuku kabla ya kuingia kwenye mbio. Mwaka 1959 yeye na Roy Salvadori walishinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, wakiendesha Aston Martin. Mwaka uliofuata maradhi ya moyo yalimlazimisha kustaafu udereva. Wakati huo kampuni ya AC Cars ya Uingereza ilikuwa na gari jepesi zuri lililokuwa linakosa injini, nayo Ford ya Marekani ilikuwa na injini mpya ya silinda nane. Shelby akazikutanisha, na mwaka 1962 Cobra ya kwanza ikawaka. Ilianza na injini ya lita 4.3, kufikia 1965 ilikuwepo ya lita 7, ndani ya gari la takriban tani moja. Mwaka huohuo Cobra iliivua Ferrari ubingwa wa dunia wa magari ya GT.

Tangu mwanzo, basi, Cobra ni gari la kuunganisha, na ndiyo sababu linaundika nyumbani bila kupoteza asili yake. La asili halishikiki kwa bei: ile ya kwanza kabisa ilinadiwa mwaka 2016 kwa dola milioni 13.75. Kampuni kama Factory Five Racing ya Massachusetts, iliyoanzishwa 1995, huuza fremu ya mabomba ya chuma na bodi ya faiba. Injini, giaboksi na vipuri vingine vinaweza kuchomolewa kutoka Ford Mustang kuukuu. Nakala nyingine huundwa Afrika Kusini na kusafirishwa zikiwa karibu kamili, ila hazina injini wala giaboksi.

Kazi huanza kwa kuipandisha fremu juu ya stendi. Hufuata suspensheni, usukani, breki, tangi na mabomba ya mafuta, kisha injini hushushwa kwa winchi. Nyaya ndizo huchosha zaidi, kwani waya mmoja uliofungwa vibaya unaweza kuzima gari zima. Kutoa hewa kwenye breki kunataka watu wawili: mmoja anakanyaga pedali na kuishikilia, mwingine anafungua na kufunga valvu kwenye gurudumu. Hapo hata kijana asiye fundi hujifunza kwa mguu wake jinsi mafuta ya breki yanavyosukuma breki. Bodi huja mwisho. Huhitaji mikono kadhaa kuinyanyua, halafu saa nyingi za msasa kabla ya rangi. Joto la kiangazi cha Texas hufanya asubuhi kuwa saa bora za kazi, na unyevu wa Houston hutaka chuma kitupu kipakwe rangi mapema.

Stakabadhi zote zitunzwe, maana Idara ya Magari ya Texas hudai uthibitisho wa umiliki wa fremu, bodi na injini kabla ya kuliandikisha gari. Tangu Januari 2025 ukaguzi wa kila mwaka wa usalama umefutwa kwa magari ya binafsi, lakini kaunti za Harris, Dallas na Tarrant, yaliko majiji ya Houston, Dallas na Fort Worth, bado zinapima moshi. Ni busara kuuliza masharti hayo kabla ya kununua injini.

Baada ya kilomita za kwanza, bolti za magurudumu, usukani na suspensheni hukaguliwa na kukazwa upya. Wanaotaka kasi kamili huenda kwenye viwanja vya mbio: MotorSport Ranch huko Cresson, karibu na Fort Worth, au MSR Houston huko Angleton.