Mti wa Mlimani Ndani ya Chungu

Neno bonsai ni la Kijapani, na maana yake ni mmea uliopandwa katika sinia. Watu wengi hudhani kwamba miti hiyo ni ya mbegu maalumu ya vibete. Dhana hiyo si sahihi. Ni miti ya kawaida, ambayo kimo chake huzuiwa kwa kupogolewa na kwa ufinyu wa chombo. Baadhi ya ile yenye thamani kubwa kabisa haikukuzwa bustanini, bali iling'olewa milimani ikiwa tayari imezeeka. Wajapani huiita yamadori, yaani iliyotwaliwa mlimani.

Mfano mashuhuri ni shimpaku, mreteni wa Japani ambao ni ndugu wa mtarakwa wa milima ya Afrika Mashariki. Katika majabali ya chokaa ya mlima Myojo, karibu na mji wa Itoigawa, mti huu huota ndani ya nyufa za miamba. Udongo ni haba, upepo ni mkali, na theluji hulemea matawi yake. Kwa sababu hiyo shina hukua polepole mno na kupindapinda, na sehemu zake nyingine hufa zikabaki mbao nyeupe. Wachumaji wa zamani waliteremka majabalini kwa kamba kuutafuta, na wako waliopoteza maisha.

Hata hivyo, kuung'oa mti ni hatua ya kwanza tu. Maji hufyonzwa hasa na vijizizi vyembamba, ambavyo aghalabu huwa vimetambaa mbali na shina. Vikikatwa, majani huendelea kupoteza maji kwa njia ya mvuke, ilhali hakuna cha kuyarudisha. Tena, katika mreteni mzee kila mzizi mkubwa hulisha upande wake wa mti kupitia ukanda wa gome hai. Akatae mzizi huo huenda ameliua tawi lililo juu yake.

Jambo la hatari zaidi ni kwamba mreteni haunyauki upesi. Waweza kubaki wa kijani kwa miezi kadhaa baada ya mizizi yake kufa. Mwenye pupa huona kijani, akadhani mti umeshika, akaanza kuupogoa. Kumbe anapogoa mfu.

Kwa hiyo mtaalamu hung'oa mti mwanzoni mwa majira ya kuchipua, akabakiza sehemu ya udongo wa asili, kwa kuwa ndani yake mna kuvu wanaoisaidia mizizi kupata maji na madini. Huupanda katika sanduku lenye chembe kubwakubwa za mawe mepesi ya volkano, ili maji yapite upesi na mizizi ipate hewa. Shina hufungwa imara, kwani likitikiswa na upepo vijizizi vipya hukatika. Majani hayaguswi, maana ndiyo yatengenezayo chakula cha kujengea mizizi. Vichipukizi vipya virefukapo kwa nguvu, pengine baada ya miaka miwili au zaidi, ndipo kazi ya kuyakunja matawi kwa waya wa shaba huanza. Udongo wa zamani nao huondolewa kwa awamu: nusu safari moja, na nusu nyingine baada ya miaka kadhaa.

Uchumaji wa miaka mingi ulipunguza mno miti mizee ya majabali ya Itoigawa. Siku hizi wakulima huotesha shimpaku kwa vipandikizi vya matawi, ambavyo hurithi sifa zote za mti mama isipokuwa umri. Katika kijiji cha Omiya, kilichoanzishwa na watunza bonsai mwaka 1925 baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 1923 kuharibu bustani zao za Tokyo, miti mizee hukabidhiwa kutoka kizazi hadi kizazi. Mmoja ukifa kwa haraka ya mtunzaji, kipandikizi kitakachoshika nafasi yake kitahitaji karne kadhaa kufikia umri ule.