Faili Uliyoiandika Imekaa Wapi?

Ukienda Kariakoo kununua kompyuta ya mtumba usilipe kabla hujaijaribu. Fundi mjuzi hubeba flashi yenye mfumo endeshi wa Linux, huichomeka, na kompyuta huwaka kwa flashi ile bila kutumia diski yake.

Hapo pana jambo la kushangaza. Mfumo uliomo ndani ya flashi umefungwa, unasomwa tu. Hata hivyo unaweza kuandika barua, kuihifadhi, na kuiona ndani ya folda. Je, barua hiyo imekaa wapi?

Folda unayoiona ni moja, lakini kwa kweli ni matabaka mawili yaliyowekwa mahali pamoja. Tuchukue mfano wa kitabu cha nahau ambacho mwalimu amekataza kisichorwe. Ukitandika nailoni angavu juu ya ukurasa na kuandika juu yake, jicho litasoma yote kwa pamoja, na kitabu kitabaki safi. Kitabu ni flashi. Nailoni ni kumbukumbu ya muda ya kompyuta, yaani RAM.

Faili mbili zikiwa na jina moja, ya juu ndiyo inayoonekana. Ukirekebisha faili ya chini, mfumo kwanza huinakili yote kwenda juu, kisha hurekebisha ile nakala. Na ukifuta? Hapa ndipo penye ujanja. Faili ya chini haifutiki. Tabaka la juu huwekewa alama ya kuificha, mfano wa kubandika karatasi nyeupe juu ya nailoni. Kwa hiyo nafasi ya chini haiongezeki, na atakayefungua tabaka la chini peke yake ataikuta faili ipo.

Knoppix, mfumo wa kwenye CD uliotengenezwa na Klaus Knopper wa Ujerumani, ulianza kutumia njia hii mwaka 2005 kwa programu ya Unionfs. Mwishoni mwa 2014 programu nyingine, OverlayFS, iliingizwa ndani ya Linux yenyewe. (Linux si ngeni kwetu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili.)

Sasa, umeme wetu tunaujua. Ukikatika, RAM husahau kila kitu. Mtoto aliyeandika insha yake jioni nzima akaiona palepale kwenye folda, akiwasha tena haikuti, wala hakuna fundi wa kuirudisha. Basi hifadhi kazi kwenye flashi ya pili. Au unapotayarisha flashi ya Linux, tenga sehemu ya kudumu ya kuhifadhia. Programu ya Rufus ina chaguo hilo, na hapo tabaka la juu hukaa ndani ya flashi badala ya RAM.

Kama uko dukani unajaribu sauti, kioo na betri tu, huna haja ya hayo. Zima, chomoa. Madhali hukuifungua diski ya muuzaji, itabaki vilevile ulivyoikuta.