Mabasi ya Sikukuu na Ghala la Machi

Katika siku chache kabla ya Krismasi, mtu akisimama kituoni Endasak, kando ya barabara kuu itokayo Babati kwenda Katesh na Singida, huona jambo asiloliona katika miezi mingine kumi na mmoja. Mabasi yaliyozoea kupita mbio husimama moja baada ya jingine. Hushuka vijana wafanyao kazi Dar es Salaam, Dodoma na Arusha. Hushuka akina mama na watoto waliozaliwa mjini, ambao mlima Hanang wameujua kwa kusimuliwa tu. Hushushwa mifuko ya sukari na mchele, magodoro, mabati na mabegi ya nguo. Wazee waliongoja tangu asubuhi huinuka, wakawapokea wana wao kwa vicheko na machozi.

Ni furaha njema, nasi hatuna neno la kuipinga. Lakini kila mwaka, sikukuu ikikaribia, huzuka maneno mawili yanayopingana. La kwanza husemwa na watu wenye nafasi, maofisini na hata katika mikutano yetu wenyewe: "Hawa wanaolia kwamba hali ni ngumu, mbona mabasi yamejaa? Asiye na fedha husafiri?" La pili husemwa na abiria, naye hulisema akiwa amekalia kiti alichokilipia: "Maisha yamekuwa magumu, fedha haionekani." Je, nani mkweli? Sisi twaona kwamba abiria hasemi uongo, na mwenye nafasi naye ameyaona mabasi kwa macho yake. Kosa liko katika mizani. Basi la Desemba halikuundwa kupimia uchumi.

SAFARI NI WAJIBU

Mtu wa kwetu hasafiri wakati wa sikukuu kwa sababu fedha zimemzidi. Husafiri kwa kuwa mama yake amekuwa mzee. Kwa kuwa kaburi la baba halijajengewa. Kwa kuwa kuna posa ya kupelekwa, au mtoto ambaye babu yake hajapata kumwona. Kwanza ni wajibu, ndipo iwe starehe. Na kwa kuwa mkono mtupu haulambwi, hawezi kuja na nauli peke yake. Basi hujinyima tangu Agosti, au hungoja zamu yake katika kikundi cha kuweka na kukopa, au hukopa kwa jirani. Fedha iliyopatikana kwa njia hiyo haiwezi kuitwa ziada. Ukiiona kwenye dirisha la kukatia tiketi, ujue kuna mahali pengine ilipoondolewa.

Tukumbuke Desemba ya mwaka 2023. Tarehe 3 ya mwezi ule, matope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka mlima Hanang, yakaangukia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, yakaua watu zaidi ya 80. Tarehe 8, siku tano tu baadaye, nauli mpya zilizoidhinishwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, zikaanza kutumika. Basi la daraja la kawaida katika barabara ya lami likapanda kutoka shilingi 41.29 hadi shilingi 48.47 kwa kila kilomita. Je, aliyepotewa na ndugu Katesh angesema haendi matangani kwa kuwa nauli imepanda? Mtu ambaye angewahesabu abiria wa njia hii mwezi ule, akaandika kwamba wananchi wana fedha ya kusafiria, angekuwa amehesabu sawasawa na asingekuwa ameelewa neno hata moja.

Na tuifanye hesabu yenyewe. Kutoka Dar es Salaam hadi huku kwetu, kwa kupitia Dodoma, ni zaidi ya kilomita 700. Kwa kiwango kile cha mwaka 2023, kilomita 700 zilikuwa shilingi 33,929 kwa mtu mmoja. Watu wanne, kwenda na kurudi, walilipa shilingi 271,432, na hapo hawajanunua hata chupa ya maji njiani. Katika msimu wa 2022/23, Serikali ilipotoa mbolea ya ruzuku, mfuko wa kilo 50 wa DAP au wa Urea uliuzwa kwa mkulima shilingi 70,000. Kwa hiyo safari moja ya nyumba ya watu wanne hukaribia thamani ya mifuko minne ya mbolea. Hatusemi kwamba watu wasije kuwaona wazazi wao. Twataka tu ijulikane kwamba abiria huyu amelipa kwa kitu kizito.

TAKWIMU NA KIBABA

Wenye takwimu nao wasidhaniwe kuwa waongo. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilitangaza kwamba mfumuko wa bei ulikuwa wastani wa asilimia 3.8 kwa mwaka 2023, na asilimia 3.1 kwa mwaka 2024. Hiyo ni kazi ya kusifiwa, maana zipo nchi nyingi ambazo katika miaka hiyo bei zilipaa kupita kiasi. Lakini mwananchi hufundishwa tarakimu bila kufundishwa maana yake. Mfumuko ukipungua, bei hazishuki; hupanda polepole zaidi. Aliyenunua sukari kwa bei kubwa mwaka jana ataikuta ingali kubwa mwaka huu, tena imeongezeka kidogo. Akisema maisha ni magumu, tarakimu haikumkanusha.

Tena bei ya chakula ina pande mbili. Mahindi yakiwa rahisi, mtu wa mjini hushukuru. Mkulima wa Endasak ambaye mahindi ndiyo mshahara wake huona mshahara umekatwa. Wakulima wa Babati na Hanang hawajasahau mwaka 2017. Walikuwa wamelima mbaazi kwa wingi, kwa kuwa misimu iliyotangulia bei yake ilikuwa nzuri. Agosti mwaka ule, India, mnunuzi mkubwa wa mbaazi zetu, ikaweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zote ziingiazo nchini humo. Bei ikaporomoka, magunia yakabaki majumbani. Mwaka huo huo pato la taifa lilikua kwa zaidi ya asilimia 6. Mambo yote mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja: taifa lilikua, na mkulima wa mbaazi alikosa ada ya mwanawe. Siku zile ulienea msemo kwamba "vyuma vimekaza", na wakubwa wengine wakauchukia. Kuuchukia msemo hakukununua hata kilo moja ya mbaazi.

DESEMBA NI MWEZI WA JEMBE

Kuna jambo jingine ambalo mjini halionekani. Kwa mfanyakazi, Desemba ni mwisho wa mwaka. Kwa mkulima wa huku ndio mwanzo, kwa maana mvua huanza, na yampasa kutia mbegu ardhini. Ndiyo kusema sikukuu na shamba huijia fedha ile ile katika wiki zile zile. Nyumba inayopokea wageni huchinja mbuzi, hununua mchele na soda. Na kama mfuko ni mtupu, huyatoa mahindi yaliyosalia ghalani, debe baada ya debe, kwa bei yoyote atakayoitaja mchuuzi. Wageni hula wakashiba, wakasema kijijini mambo ni mazuri. Kisha huondoka. Hubaki Januari pamoja na sare, madaftari na michango ya chakula cha shule; maana ada ya sekondari hadi kidato cha nne iliondolewa tangu 2016, na ya kidato cha tano na cha sita mwaka 2022, lakini mtoto haendi darasani bila nguo. Halafu huja Machi, mahindi yangali mabichi shambani, na mwenyeji aliyechinja mbuzi huenda kununua kwa kibaba mahindi ya aina ile ile aliyoyauza kwa debe.

Tuliosoma shule za misheni tulifundishwa habari za Yusufu kule Misri, aliyeweka nafaka akiba katika miaka ya shibe. Hatukumbuki kusoma kwamba aliiuza ili majirani wamwone tajiri.

Kwa hiyo twawaambia wenzetu wasafiri: njooni, lakini kabla ya kununua zawadi waulizeni wazee ni nini kimepungua. Mfuko mmoja wa mbolea, mbegu bora, au mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa, vina heshima kuliko katoni tatu za soda. Nanyi mnaopokea wageni, msiuze mbegu kwa kuogopa aibu. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na Desemba, bahati njema, jembe liko karibu na shamba linangoja. Wenye mabasi nao wajue kwamba nauli ina kipimo kilichowekwa na Serikali. Anayezidisha kwa sababu abiria ni wengi, mizigo ni mingi na usiku umeingia, anamwibia mzee wa Endasak ambaye hata basi hakulipanda.

Viongozi wetu, ndani ya Chama na Serikalini, twawaomba jambo moja. Msimjibu mwananchi kwa kumwonyesha basi lililojaa. Mwananchi huyo ndiye aliyelijaza, na anajua alivyolijaza. Njooni Endasak mwezi wa Machi, wakati hakuna sikukuu wala mgeni, mwingie nyumba kwa nyumba mkaulize kama ghalani mna mahindi ya kufikia mavuno. Mkikuta yamo, tutakuwa wa kwanza kuandika katika ukurasa huu kwamba hali imekuwa njema, na hapana msafiri atakayebisha. Mkikuta hayamo, basi rudini mtuambie mmepanga kufanya nini kabla ya Desemba nyingine.