MOYO UKIKAUKA: JE, NI ROHO AU NI MWILI?

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unagusa jambo ambalo wengi wangelipeleka kwa padre, si kwa nesi. Hata hivyo, sisi tunaokaa na wagonjwa wa nje tunalisikia mara nyingi. Mama anakuja akilalamika kichwa, mgongo na mwili kuwaka moto. Anapimwa malaria, hana. Ukimpa kiti na kumwacha aseme taratibu, mwisho anakuambia: "Nesi, mimi siwezi kusali tena. Nikishika rozari naona kama nahesabu punje za mahindi." Au ni mzee wa kigango. Anaongoza ibada kila Jumapili huku moyoni hamna kitu, na jioni miguu inampeleka yenyewe kwenye uraka.

Watu hawa wanafika wakiwa wamekwisha kujihukumu. Huyu anasema Mungu amemwacha. Yule anatafuta dhambi ya zamani ambayo labda hakuiungama vizuri. Mwingine ameshauriwa na jirani kwamba amerogwa, na ameuza kuku wawili kumlipa mganga. Ni wachache sana waliojiuliza kama wamelala vizuri mwezi huo.

Fungua Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Nabii Eliya amemkimbia Yezebeli, amechoka, anakaa chini ya mti jangwani na kumwomba Mungu amwondolee uhai. Sasa tazama huduma aliyopewa. Malaika hakumkemea kwa imani haba, wala hakumwambia afunge siku tatu. Alimgusa, akamwonyesha mkate na maji. Eliya akala, akalala tena, akaamshwa mara ya pili ale kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Maswali magumu Mungu aliyaweka mpaka Horebu, baada ya mgonjwa kupata nguvu. Mimi kama muuguzi nasema huo ulikuwa utaratibu mzuri wa wodi.

Kwa hiyo tuanze na mwili. Mtu mwenye safura, yaani minyoo inayomnyonya damu, huchoka akipanda kilima kidogo tu, na huchoka vilevile akipiga magoti. Upungufu wa damu baada ya kujifungua, kisukari, tezi ya shingo inayofanya kazi kwa ulegevu, maumivu ya muda mrefu, hata baadhi ya dawa, vyote vinaweza kumwondolea mtu furaha na umakini. Mama anayeamka saa kumi alfajiri, akashinda shambani, kisha usiku akanyonyesha, asishangae usingizi ukimchukua katika fumbo la pili la rozari. Mitume wenyewe walisinzia Gethsemane, na Bwana aliona kwamba mwili wao ulikuwa dhaifu.

SONONA SI UKOSEFU WA IMANI

Kisha kuna ugonjwa unaoitwa sonona. Huu si huzuni ya siku moja au mbili baada ya msiba. Tunaufikiria pale hali inapodumu wiki mbili au zaidi, karibu kila siku: moyo mzito, au kutopenda tena chochote kilichokuwa kinakupendeza. Pamoja na hayo huja usingizi kukatika, kula kupungua, uchovu, kushindwa kufikiri, kujilaumu kupita kiasi, na mawazo ya kufa. Mwenye sonona hapotezi ladha ya sala peke yake. Hapendi tena ngoma, wala maongezi barazani, wala kumbeba mjukuu. Huu ni ugonjwa kama nimonia ilivyo ugonjwa, na una tiba: maongezi na mtu aliyefundishwa, na mara nyingine vidonge. Vidonge hivyo huchukua kama wiki mbili hadi nne kabla mgonjwa hajaona nafuu, na wengi huviacha siku ya kumi wakidai havifanyi kazi. Ukipata nafuu usiviache pia. Utaendelea navyo kwa miezi kadhaa jinsi daktari atakavyokuelekeza.

Nasikitika kusema kwamba baadhi ya wanaotembelea wagonjwa wetu huwaambia waache dawa na kuombewa tu. Maombi na dawa havina ugomvi. Hapa Ndanda misheni ya Wabenedikto ilianza mwaka 1906, na mpaka leo kanisa na hospitali ni majirani wa karibu. Anayetoka Misa anaweza kupita kwenye foleni ya daktari bila kumkosea Mungu.

UKAVU WENYEWE

Lakini wako watu ambao tunawapima na kuwauliza yote hayo, na hatuoni ugonjwa. Wanakula, wanalala, wanacheka na watoto, wanafanya kazi. Ila wakianza kusali ni jangwa. Hao nao wasitishike. Mtakatifu Yohane wa Msalaba, aliyefungwa gerezani Toledo, Hispania, tangu Desemba 1577 hadi Agosti 1578, aliandika kwa makini juu ya hali hii. Alijua kabisa kwamba kuna ukavu unaotokana na uvuguvugu na kuna huzuni ya ugonjwa, tena alisema huzuni hiyo yaweza kuchanganyika na ukavu wa kweli. Alama moja aliyoitoa naipenda kwa kuwa hata nesi anaweza kuitumia: mtu vuguvugu hajali. Mwenye ukavu wa kweli anajali mno, anahangaika kwamba hamtumikii Mungu vizuri. Basi wewe uliyekuja kwangu ukilia kwamba huwezi kusali, machozi yako yamekwisha jibu nusu ya swali.

Tunaye shahidi wa karibu zaidi. Mwaka 1968 Mama Teresa wa Calcutta alileta masista wake Tabora, katika nchi yetu hii. Waliomwona walimwona mama mchangamfu, mwenye haraka ya kuwahudumia maskini. Barua zake zilipotolewa kitabuni mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, dunia ilijua kwamba wakati huo alikuwa amekwisha kaa karibu miaka ishirini katika giza la roho, na kwamba giza hilo, ukiacha kipindi kifupi cha mwaka 1958, lilimfuata hadi mwisho. Hakulificha kwa kila mtu. Aliwaeleza mapadre wachache, na mmoja wao, Mjesuiti Joseph Neuner, alimsaidia mwaka 1961 kuona kwamba hata kiu yake ya Mungu ilikuwa dalili kwamba Mungu yupo. Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu tarehe 4 Septemba 2016.

Sisi watu wa huku tungepaswa kulielewa jambo hili upesi. Juu ya nyanda za Makonde, kuanzia Newala na kuendelea, mvua inanyesha ya kutosha, lakini mto huuoni. Udongo ni wa kichanga, maji yanazama chini kabisa. Bibi zetu waliteremka kwa miguu hadi chini ya mteremko kuyafuata yanakotokea, wakapanda tena na mtungi kichwani. Hakuna aliyesema mvua ya mwaka jana ilikuwa uongo kwa sababu uwanja wake ni mkavu.

Sasa ufanye nini? Sala yako iwe kama dozi: ndogo, kwa saa ile ile, hata kama mdomo hauna hamu. Baba Yetu moja asubuhi na zaburi moja usiku zinatosha kwa mtu aliyechoka. Zaburi ya 42 iliandikwa na mtu mwenye kiu kama yako. Mtakatifu Inyasi wa Loyola alifundisha kwamba wakati wa ukiwa wa roho mtu asibadili uamuzi alioufanya alipokuwa na amani. Kwa hiyo usiache ndoa, utawa, kwaya wala Jumuiya katika mwezi wa giza. Inyasi alijua anachosema. Kule Manresa mwaka 1522 aliteswa na wasiwasi wa dhambi hata akajaribiwa kujiua, na akafunga bila kula juma zima mpaka muungamishi wake alipomwamuru ale. Tafuta nawe muungamishi mmoja na umsikilize. Kuungama dhambi ile ile mara kumi kwa mapadre kumi hakuongezi msamaha.

WAKATI WA KOROSHO

Vishawishi huja mlango ukiwa wazi, na milango yenyewe ni ya kawaida: njaa, uchovu, hasira, upweke. Shetani alimwendea Bwana wetu jangwani baada ya siku arobaini, alipoona njaa. Kalenda yetu huku ina ugumu wake. Majilio yanatukuta katikati ya korosho, fedha za mnada ziko mfukoni na mabibo yamejaa chini ya mikorosho. Kwaresima inatukuta ghala likiwa tupu. Mwezi wa raha na mwezi wa njaa, kila mmoja una kishawishi chake.

Mtu mwenye moyo mkavu hunywa ili alale. Pombe inampa usingizi wa kwanza, kisha inamwamsha usiku wa manane na moyo ukidunda, na kesho yake huzuni imezidi. Jioni anarudia. Akiona aibu ya kunywa, anaacha Komunyo. Akiacha Komunyo, anajiona amepotea, anakunywa zaidi. Kamba hiyo ikatwe mahali popote, hata kwa kubadili njia ya kurudia nyumbani au kumpa mke fedha siku ile ile zinapopokelewa. Gongo ya mabibo, ile wengi wanaiita nipa, ina hatari ya ziada, maana hakuna anayejua kilichomo, na pombe yenye sumu hupofusha na kuua. Ila naomba sana: aliyekunywa kila siku kwa miaka asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani kwa sababu ya nadhiri. Anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa na kupata degedege. Aje hospitali, tumsaidie kuacha kwa usalama.

MAWAZO YA KUJIUA

Hili halisemwi kanisani, lakini lipo. Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu alikufa kwa kifua kikuu tarehe 30 Septemba 1897, akiwa na miaka 24, baada ya mwaka mmoja na nusu wa giza la imani. Katika maumivu ya mwisho aliwaonya watawa wenzake wasiache dawa zenye sumu karibu na mgonjwa mwenye mateso makali. Alijua kishawishi hicho. Katika nyumba zetu sumu ni viuatilifu vya mikorosho vilivyowekwa chini ya kitanda. Viwekwe kwenye sanduku lenye kufuli, ufunguo akae nao mwingine, hasa nyumba ikiwa na mtu mwenye moyo mzito. Kumwuliza mtu kama anawaza kujiua hakumpi wazo hilo. Mara nyingi hupumua kwa kuwa hatimaye ameulizwa. Akikiri, asiachwe peke yake, aletwe siku hiyo hiyo. Na familia iliyokwisha kumpoteza mtu hivyo ijue kwamba Katekisimu ya mwaka 1992 inatambua kuwa fadhaa kubwa ya akili hupunguza wajibu wa mtu, na Kanisa humwombea.

Ukifika zahanati au hospitali, usiseme "kichwa" peke yake. Sema tangu lini hulali, unaamka saa ngapi, unakula nini, unakunywa kiasi gani, na kama umewahi kutamani kufa. Njoo na mtu mnayeishi naye, maana yeye huona usiyoyaona. Kama una dawa nyumbani, hata za kienyeji, zilete zote katika mfuko.