Mgeni na Sikio la Mwenyeji: Kijapani cha Waliokuja

Mjadala juu ya mgeni na lugha ya watu kwa kawaida hukimbilia swali la ugumu. Kijapani kweli kina mzigo wake. Mifumo mitatu ya maandishi huchanganywa ndani ya sentensi moja, na herufi za kanji zilizo kwenye orodha ya serikali ya mwaka 2010 ni 2,136. Ipo pia lugha ya heshima, ambamo kitenzi cha "kula" hugeuka kabisa kutegemea anayekula ni nani. Lakini hayo yote hujifunzwa, yataka subira tu. Makala haya yanadai kwamba wageni walioandika riwaya kwa Kijapani wanalalamikia jambo jingine: mwenyeji humsikiliza mgeni kwa macho.

Tuanze na sifa. Mzungu akitamka "konnichiwa" tu mbele ya Mjapani, mara nyingi hujibiwa "nihongo jouzu desu ne", yaani unajua sana Kijapani. Hata sisi mchezo huu tunaujua. Mzungu akisema "mambo" Kariakoo, watu hufurahi kama kaghani utenzi! Mwezi wa kwanza sifa hiyo ni asali. Mwaka wa kumi inakera, maana hakuna anayemsifu mwenyeji kwa kusema lugha ya mama yake.

David Zoppetti, mtu wa Uswisi, alilishika jambo hili katika riwaya ya *Ichigensan*, iliyopata tuzo ya Subaru mwaka 1996. Neno hilo ni la Kyoto: ni mteja anayefika mara ya kwanza bila kuletwa na mtu, ambaye nyumba za chai za kale humkataa hata awe na pesa za kumwaga. Msimulizi ni mwanafunzi wa kigeni anayesomea fasihi ya Kijapani. Mitaani anakodolewa macho. Kisha anapata kazi ya kumsomea vitabu Kyoko, msichana asiyeona, na kwa Kyoko yeye ni sauti tu, sauti ya Kijapani. Wapo watakaoiita riwaya ya mapenzi, na si uongo. Ila mimi naona mwandishi kajirahisishia kazi: ili mgeni asikike, ilibidi msikilizaji anyimwe macho. Je, wale wenye macho wafanywe nini?

Levy Hideo, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1950, hatafuti njia ya mkato. Kabla ya kuandika riwaya alikwisha kutafsiri mashairi ya kale ya *Man'yoshu* kwa Kiingereza. Riwaya yake iliyopata tuzo ya Noma ya waandishi wapya mwaka 1992 inamhusu Ben Isaac, kijana anayetoroka nyumba ya baba yake, mwanadiplomasia wa Kimarekani huko Yokohama, na kuzama Shinjuku. Ben anakimbia Kiingereza chenyewe, na hamwombi mtu ruhusa ya kusema. Tazama hata jina la mwandishi linavyoandikwa: Levy kwa katakana, herufi za maneno ya kigeni, na Hideo kwa kanji. Mguu mmoja nje, mmoja ndani.

Hapa hoja yangu ya macho inapata kikwazo, naye ni Yang Yi. Alizaliwa Harbin, China, mwaka 1964, akaenda Japani 1987, na mwaka 2008 akawa wa kwanza kupata tuzo ya Akutagawa ambaye Kijapani si lugha yake ya kwanza. Mchina hupita barabarani bila kukodolewa. Akifungua mdomo ndipo hugunduliwa, na hapo hapigiwi makofi. Kosa dogo la matamshi linatosha kumtoa nje. Basi tuseme hivi: kwa Mzungu sura inafunika maneno, kwa Mchina maneno yanafuta sura. Sikio ni lilelile.

Li Kotomi wa Taiwan, aliyepata Akutagawa mwaka 2021, kafanya ujanja ninaoupenda kuliko yote. Katika riwaya yake msichana anatupwa na bahari kwenye kisiwa, na lugha yake haipatani na ya wenyeji, ingawa zote ni jamaa za Kijapani. Lugha hizo kazibuni mwandishi. Mjapani anayesoma kurasa za mwanzo ndiye anayebahatisha maana, neno kwa neno.