Je, Wajua? CD Iliyoficha Programu
Mwaka 2005, kampuni ya Sony BMG iliuza Marekani CD za muziki zenye programu ya kuzuia kunakili, XCP. Ukiitia CD kwenye kompyuta yenye Windows na kukubali masharti, programu ilijipachika humo na kuficha kila faili ambalo jina lake lilianza na $sys$. Masharti hayakusema hivyo. Ukijaribu kuifuta mwenyewe, kompyuta iliacha kabisa kusoma CD! Watengenezaji wa virusi nao wakapata maficho: walitumia majina yanayoanza na $sys$. Mtaalamu Mark Russinovich alipoifichua Oktoba 31, wateja walikuja juu, na Novemba kampuni ikaziondoa CD hizo sokoni. Jimbo la Texas likaishtaki. Walioumia ni walionunua kihalali, na hilo halikuwa haki.